Siku Nne Kwenye Kipande

Watu wa kijiji cha Mamba walizoea kwamba matangazo ya ndoa ni wakati wa kukohoa. Padre anasoma majina, anasema mwenye kujua kizuizi chochote aseme, na watu wanakohoa, wanawavuta watoto wao kwenye mabenchi, wanawaza mboga waliyoiacha jikoni. Kizuizi chenyewe, kama kipo, mtu anakwenda kukinong'ona nyumbani kwa mapadre, kwa adabu. Lakini Jumapili moja ya Agosti mwaka 1976, mpunga ukiwa umeshaingia ndani, padre alikuwa ndiyo kwanza amesoma kwa mara ya pili majina ya Getrude binti Romana na Maximilian mwana wa Gelasius wa Kasansa, Bibi Pelagia akasimama katikati ya kanisa, fimbo mkononi.

"Mimi ninacho," alisema.

"Una nini, bibi?" Padre alikuwa kijana, tena mgeni.

"Kizuizi. Si umeuliza?"

Jamani! Bibi Pelagia akaeleza, na sauti yake haikuwa ya mtu anayenong'ona. Kule Kasansa, babu yake Maximilian, marehemu sasa, alikuwa anaitwa Mzee Manamba na kila mtu, kwa sababu alirudi kutoka mashamba ya mkonge. Sasa juzi, sokoni Kibaoni, yeye Pelagia amesikia kwa mdomo wa jirani yao jina kamili la huyo mzee. Ni Telesphor Kapele. Na Telesphor Kapele aliyekwenda manamba kutoka Mamba ni mmoja tu, hakuna wa pili, ni baba yake Romana. Kwa hiyo Romana na Gelasius ni watoto wa baba mmoja, na hawa mnaotaka kuwafungisha ndoa ni damu moja. Basi akaketi, akatengeneza kanga yake.

Getrude alijifunika uso. Watu wote waligeuka kumtazama mama yake, na mama yake, Mungu amsamehe, hakuwa anawaza harusi hata kidogo. Romana alikuwa na miaka arobaini na miwili, mjane, mwanamke wa kulima na kupura mpunga kwa mikono yake, na kitu kimoja tu kilikuwa kinagonga kichwani mwake: baba alikuwa Kasansa? Kasansa hapo, mwendo wa asubuhi moja?

Maana Romana hakuwahi kumwona baba yake. Telesphor alichukuliwa na waandikishaji wa manamba mwishoni mwa mwaka 1933, mke wake akiwa na mimba. Wakati ule hakukuwa na reli ya Mpanda. Walitembea kwa miguu mpaka Tabora, kila mtu na namba yake, wakapandishwa treni kwenda pwani kukata mkonge. Hakurudi. Mama yake Romana alingoja. Mwaka wa tatu alipita msafiri mmoja, mwanamume kijana, mama akamkimbilia hadi njiani kumwuliza kama anatoka manamba na kama amemwona Telesphor. Yule mtu akasema, "Yupo. Anakuja."

Kwa maneno hayo mawili mama yule aliishi miaka thelathini na mitatu. Alikataa wanaume wawili wa maana. Alikuwa akisikia mbwa wanabweka anainuka. Watoto wenzake Romana walimtania wakimwita Mtoto wa Anakuja, na alipigana nao sana kwa ajili ya jina hilo, mpaka akachoka kupigana. Mama alikufa mwaka 1969 akiwa bado anangoja, na Romana, alipotoka makaburini siku ile, aliapa kutomtaja tena mwanamume aliyewafanyia hivyo.

Na sasa anaambiwa alirudi.

Jumanne alikwenda Kasansa peke yake. Gelasius alimpokea vizuri, mtu mpole, wa maneno ya taratibu, karibu miaka arobaini. Alikuwa ameshasikia habari za kanisani, na hakujua amwite mgeni wake mkwe au nani. Mama yake Gelasius, Bibi Cecilia, alikuwa uani anapeta mchele, macho yakiwa yamefifia kwa uzee. Romana akamwamkia, "Shikamoo, mama." "Marahaba," bibi akajibu, akaendelea kupeta.

Gelasius alitoa kopo la bati. Kopo hilo, alisema, ndicho kitu cha kwanza alichokipakia mwaka 1974, kwenye ile Operesheni, walipohamishwa kutoka kule pembezoni mwa Kasansa walikokuwa wanaishi kuja kijijini. Kaburi la baba lilibaki porini, kopo lilikuja. Ndani mlikuwa na stakabadhi za kodi za zamani zilizoliwa na mende na rundo la kadi ngumu zilizofungwa kamba ya katani. Ndivyo vipande vya manamba. Kila kadi ilikuwa na visanduku thelathini, na kila siku mtu alipomaliza kazi aliyopangiwa, karani aliandika tarehe kwenye kisanduku kimoja. Visanduku thelathini vikijaa, kipande kimekamilika. Visipojaa kwa wakati, jasho lote lile limekwenda bure.

Romana alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya kisomo ya watu wazima, na mwaka uliopita alifanya mtihani akafaulu. Alikuwa ameshasoma vitabu vya kilimo bora cha mahindi na vya kuchemsha maji ya kunywa. Sasa aliweka kidole kwenye kadi ya kwanza, akasoma polepole, kwa sauti, kama alivyofundishwa. Te-le-sphor. Ka-pe-le. Kabila, Mpimbwe. Kwao, Mamba.

Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Gelasius naye akaanza kulia, kisha akasema, "Basi wewe ni dada yangu." Romana akasema, "Kaka." Ni neno ambalo hakuwahi kumwita mtu yeyote na likamjaa mdomoni vizuri kuliko alivyotegemea.

Wakakaa mchana kutwa. Romana alitaka kujua kila kitu, na Gelasius alimpa alichokuwa nacho, maana alikuwa na miaka kumi na nne tu baba alipofariki, mwaka 1951. Baba alikuwa mtu wa kazi. Alichimba majaruba ya mpunga ya nusu ya Kasansa, yake na ya wengine. Aliwajengea watu nyumba. Mikono yake ilikuwa na makovu mpaka kwenye viwiko, ya miiba ya mkonge, na mtu alipopanda mkonge kuzungushia boma, yeye alikuwa anapita mbali. Hakupenda kuulizwa habari za huko. Na sikukuu zote kubwa, Krismasi, Pasaka, alikuwa anaamka mapema anakwenda kusali Mamba kwa miguu, ingawa palikuwa na kanisa dogo la kigango karibu. Anakaa nyuma kabisa. Komunyo hapokei, watu walisema ni kwa sababu yeye na mama hawakufunga ndoa.

"Mamba?" Romana alishtuka. "Alikuwa anakuja Mamba?"

"Kila sikukuu."

Hapo huzuni ya Romana iligeuka hasira. Kila sikukuu! Yeye na mama yake wamekaa benchi la tatu, mama anamwombea mume arudi, na mume yuko mgongoni mwao karibu na mlango, anawatazama visogo! Ni mtu wa namna gani huyo? Gelasius alisema tu kwamba baba hakuwa mtu mbaya, na kwamba alikufa vizuri. Padre alifika jana yake, akasali, akammwagia maji kichwani, na baba akalala akiwa ametulia kabisa.

Romana aliaga, akashika njia. Alikwenda akimgombeza baba yake kwa sauti, na wachunga ng'ombe waliokutana naye walimpisha. Alikuwa amefika karibu nusu ya njia aliposimama ghafla, mguu mmoja mbele.

Maji?

Mgonjwa hupakwa mafuta. Romana alilelewa chini ya kengele ya misheni, hayo aliyajua kabla hajajua kusuka ukili. Maji ya kichwani ni ya ubatizo. Na mtu aliyebatizwa habatizwi tena, hata awe amekaa miaka mia bila kusali. Telesphor Kapele alibatizwa mtoto. Mama yake Romana alikuwa akisema yeye na mumewe walibatizwa siku moja, watoto wengi, kabla ya vita ya kwanza. Kwa hiyo mtu aliyemwagiwa maji Kasansa mwaka 1951 hakuwa Mkristo mpaka siku ile. Hakuwa Telesphor Kapele, na ndiyo maana hata mtu mmoja wa Mamba hakumtambua sikukuu zote zile. Alikuwa mtu mwingine mwenye kadi za Telesphor Kapele.

Alielewa yote mawili kwa pamoja, palepale njiani. Getrude anaweza kuolewa. Na yeye, Romana, hana baba Kasansa, hana kaka, na kama kadi za baba yake zilirudi bila yeye, basi anajua kwa nini.

Unadhani alikimbia kwa padre? Hakukimbia. Alifika nyumbani, akala, akalala. Jumatano akaenda shamba. Alhamisi akatwanga. Nami simlaumu sana, maana mtu aliyekaa miaka arobaini na miwili bila baba, akapewa mmoja Jumanne asubuhi, utamdai amrudishe jioni yake? Hata kama ni baba wa kumkasirikia. Wa kumkasirikia ni afadhali. Walau alikula, alicheka, alizaa, alizeeka kidogo. Alijiambia kwamba yeye si padre, kwamba maji yanaweza kuwa ya baraka tu, kwamba Gelasius alikuwa mtoto na watoto hawajui wanachokiona. Alijidanganya vizuri sana, mpaka Ijumaa asubuhi akajikuta anapeta mchele huku anaimba.

Getrude alikuwa ameinamia jiko. Macho yalikuwa yamevimba kwa siku tano za kulia. Akainuka.

"Mama, mimi nalia, wewe unaimba."

"Naimba nini? Nafanya kazi."

"Unaimba. Tangu utoke Kasansa una furaha. Sikatai, umempata baba yako. Lakini usiimbe mbele yangu, mama. Kaimbe shamba."

Romana aliweka ungo chini. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Alichukua kanga akajifunga, akaenda misheni.

Padre alimsikiliza mpaka mwisho, na kwa bahati hakuwa mtu wa kupoteza muda. Alitoa vitabu viwili vya ubatizo, vikubwa, vya ngozi, vilivyoandikwa Kilatini na mapadre waliokwisha kurudi kwao. Katika kile cha zamani walimpata, mwaka 1913: Telesphor, mtoto wa Kapele, wa Mamba. Katika kile cha pili, mwaka 1951, padre alipitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa, kisha kidole kikasimama. Akamtafsiria. Telesphor, mtu mzima, katika hatari ya kufa, nyumbani kwake Kasansa. Mzaliwa wa Usukuma. Jina la zamani, Maduhu. Baba yake Nyanda, mama yake Nyanzala.

"Huyu si baba yako, mama," padre alisema. "Binti yako ni huru kuolewa. Jumapili nitasoma tangazo la tatu." Alitegemea labda kumwona anafurahi. Romana alimshukuru, akamwomba amwandikie hayo maneno kwenye karatasi, kwa Kiswahili.

Jumamosi alikuwa tena Kasansa. Gelasius alisoma karatasi mara mbili, akaiweka juu ya kopo, akaketi kama mtu aliyepigwa. Baba yake si Mpimbwe. Baba yake hakuitwa alivyoitwa. Yeye mwenyewe si kaka wa mtu.

"Lakini kwa nini?" alisema. "Alizipata wapi kadi za watu?"

Ndipo ungo ukaacha kupeta kule uani.

"Mnauliza kopo," Bibi Cecilia alisema. "Jumanne mmeuliza kopo, leo mnauliza karatasi. Mimi nimekaa hapa. Kuna mtu aliyekuja kuniuliza mimi?"

Wakaenda wakaketi mbele yake. Bibi alisema aliapishwa na mumewe asiseme kwa serikali wala kwa ndugu, na hakusema. Lakini mumewe hakumwambia amharibie mjukuu harusi, na mtoto wa Telesphor akija mwenyewe kuuliza, huyo si serikali.

Maduhu, alisema, alikuwa ametoroka shamba jingine la mkonge kabla ya kumaliza mkataba, na kutoroka wakati ule kulikuwa ni jela. Hakuwa na kadi, hakuwa na pa kulala. Telesphor alimficha kwenye kibanda chake na kugawana naye chakula, miezi mingi, bila hata kujua lugha yake vizuri. Kisha Telesphor akaugua kuhara damu. Kipande chake kilikuwa kimeshaanza kujaa na siku zilikuwa zinakwenda. Maduhu akatoka na kadi ya rafiki yake akaenda kukata mkonge kwa jina lake. Makarani hawakutazama sura, walitazama kadi. Ndivyo manamba walivyokuwa wakisaidiana. Mgonjwa alilala, na mwenzake alimjazia visanduku.

"Lakini hakupona," bibi alisema. "Na Maduhu akiripoti kifo, kadi inachukuliwa, yeye anakamatwa. Manamba wenzao wakamzika Telesphor kimyakimya, kwa jina la Maduhu. Basi yule aliyekuwa hai akabaki na jina la aliyekufa. Tafuteni kwenye hizo kadi. Alikuwa ananionyesha. Kuna moja ina pengo."

Romana ndiye aliyeipata. Ilikuwa ya Machi 1935. Tarehe ziliandikwa moja baada ya moja, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Halafu kumi na saba.

"Siku nne hakwenda kazini," bibi alisema. "Ndizo za mwenzake kumfia mikononi na za kumzika."

Romana aliweka kidole kwenye pengo lile. Mtu aliyemchukia maisha yake yote kwa kutorudi alikuwa na miaka ishirini na mitano na alikuwa ameshakufa wakati yeye hajaanza hata kutembea sawasawa.

"Na njiani," alisema, "yule msafiri aliyemwambia mama yangu kwamba anakuja?"

Bibi Cecilia alimgeuzia macho yake yaliyofifia. "Ni yeye. Alitoka pwani mpaka huku kwa ajili ya kusema, na hayo makadi alimletea mama yako. Akamkuta anamkimbilia, mtoto mgongoni, anacheka. Mdomo ukasema kitu kingine. Akapita. Hakuweza kurudi kwao Usukuma na jina la mtu wa Mamba, wala hakuweza kukaa Mamba. Akakaa hapa. Sikukuu alikuwa anakuja kukuangalia wewe, kama umekua."

"Miaka thelathini na mitatu!" Romana alipiga kelele, majirani wakasikia. "Mama yangu angeolewa! Angelia akamaliza! Neno moja tu, mwanamume mzima, miguu yote hiyo, akashindwa neno moja!"

Hakuna aliyemtetea Maduhu. Mwanawe aliinamisha kichwa, na mkewe alisema, "Ni kweli, mwanangu. Alishindwa." Hasira ya Romana ilikosa pa kugonga, ikaanguka yenyewe, na alilia mpaka kanga ikalowa. Alipoondoka, Gelasius alimfungia kadi zote kwa kamba yake akampa, naye hakuzikataa.

Jumapili tangazo la tatu lilisomwa na hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Lakini Jumatatu Romana alitandika mikeka uani, akavua hereni, akakaa chini. Wazee walikuja kumwuliza kulikoni, harusi si Jumamosi?

"Nimefiwa na baba," alisema. "Taarifa nimeipata juzi. Harusi itakuja baada ya matanga."

Wazee waliguna. Mtu aliyekufa miaka arobaini na moja iliyopita, nani amkalie matanga? Wengi wao hata hawakumjua. Walisimama pale langoni wakibishana, taratibu ni ipi, nani aanze kuingia, mpaka Bibi Pelagia akawapita katikati na fimbo yake. "Nyie mnangoja nini? Mwenzenu amefiwa," alisema, akajishusha kwenye mkeka akaanza kulia kilio cha zamani, cha kumtaja marehemu kwa jina, na alimtaja kijana aliyekuwa akicheza naye utotoni, hodari wa kupanda miti. Baada ya hapo uani pakajaa.

Alasiri wakaja watu wa Kasansa. Wanawake walikwenda kwa wanawake, na Maximilian na vijana wenzake wakapewa mashoka wakapasue kuni. Gelasius alisimama akitafuta pa kukaa. Upande wa wakwe palikuwa na viti, na mtu mmoja alimsukumia kimoja. Hakukitazama. Alivua viatu, akapita katikati ya watu wote, akaenda kuketi ukutani, kwenye mkeka mdogo wanapokaa watoto wa marehemu, ambapo Romana alikuwa peke yake tangu asubuhi.

Bibi Pelagia alifungua mdomo, kisha, kwa mara ya kwanza ambayo mtu yeyote Mamba anaikumbuka, akaufunga.

Romana alisogea, akampa nafasi.